Ikiwa wengi walioambukizwa kifua kikuu hawaugui, kwa nini kinga yao haijaigwa katika chanjo?

Mdadisi

Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa kazi ya semina kuhusu kifua kikuu, na kadiri ninavyosoma ndivyo mambo mawili yanavyozidi kugongana kichwani mwangu. Vitabu vinasema kwamba takribani robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa ugonjwa huu, na kwamba katika kila watu kumi walioambukizwa, ni mmoja tu au pungufu atakayeugua maishani mwake. Kwa maneno mengine, mwili wa binadamu unajua namna ya kumdhibiti bakteria huyu bila msaada wa dawa. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2024 watu milioni 10.7 waliugua na milioni 1.23 wakafariki, huku chanjo pekee tuliyo nayo ikiwa BCG, iliyoanza kutolewa mwaka 1921.

Maswali yangu ni haya. Kama kinga ipo na inafanya kazi kwa watu tisa kati ya kumi, ni kitu gani kinachowazuia watafiti kuipima na kuiiga? Kwa nini aliyeugua akatibiwa na kupona hapati kinga ya kudumu kama anayoipata aliyeugua surua? Na kwa nini matibabu yachukue miezi sita, ilhali nimonia nyingi za bakteria hutibiwa kwa siku chache? Naomba majibu yenye hoja za kisayansi, kwa kuwa orodha za dalili na ushauri wa kwenda kupima ninazo za kutosha.

Mwanakinga

Ndugu Mdadisi, maswali yako mawili ya kwanza kwa kweli ni swali moja, na jibu lake linaanzia kwenye tofauti ambayo vitabu vya utangulizi huipita haraka mno: mwili kumtambua bakteria ni jambo moja, na mwili kukingika dhidi yake ni jambo jingine. Kipimo cha ngozi na kile cha damu vinavyotumika kugundua maambukizi hupima utambuzi tu. Mgonjwa ambaye mapafu yake yamekwisha kutoboka anaweza kutoa majibu makali katika vipimo hivyo, sawasawa na mtu mwenye afya njema aliyeambukizwa miaka ishirini iliyopita na ambaye hataugua kamwe. Hadi leo hakuna kipimo kinachoweza kumwambia mtafiti kwamba huyu amekingika na yule hajakingika. Ndiyo maana kila chanjo inabidi ijaribiwe kwa maelfu ya watu, kisha isubiriwe kwa miaka ili ionekane ni nani atakayeugua.

Tuanzie pale bakteria anapoingia. Huvutwa pamoja na hewa ndani ya kitone kidogo sana, hufika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na humezwa na makrofaji, yaani zile seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza vimelea na kuvisaga. Kwa bakteria wengi habari huishia hapo. Huyu wetu hukizuia kifuko alichofungiwa kisiungane na kile chenye asidi na vimeng'enya, kisha hutumia mtambo wake wa kutolea protini, uitwao ESX-1, kuharibu utando unaomzunguka. (Calmette na Guérin, waliotengeneza BCG, walipokuwa wakimhamisha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe kutoka chombo hadi chombo, mara 230 katika miaka 13, kipande cha jeni chenye sehemu ya mtambo huu kilipotea bila wao kujua. Upole wa BCG unatokana kwa sehemu kubwa na upotevu huo.) Seli T, aina ya seli nyeupe za damu ambazo zingeweza kuwasaidia makrofaji, huchelewa kufika: kwa binadamu hupita takribani wiki tano au sita tangu maambukizi hadi kipimo cha ngozi kigeuke kuwa chanya, na katika muda huo bakteria huzaliana bila bughudha kubwa.

Kwamba seli T za aina ya CD4 na kemikali yao ya interferoni-gamma ni za lazima, hakuna ubishi. Virusi vya UKIMWI vinapozipunguza seli hizo, hatari ya kuugua kifua kikuu hupanda mara nyingi. Watoto wanaozaliwa na kasoro katika jeni za njia ya interferoni-gamma wanaweza kuugua vibaya hata kutokana na BCG yenyewe. Vilevile mwaka 2001 ilibainika kwamba wagonjwa wa baridi yabisi waliopewa infliksimabu, dawa inayozuia kemikali nyingine ya kinga iitwayo TNF, walikuwa wakiibukiwa na kifua kikuu kilichokuwa kimelala mwilini.

Kwa ushahidi huo, watafiti wengi walihitimisha kwamba seli T zikiongezwa kinga nayo itaongezeka, na hapo ndipo bakteria alipowashinda. Panya walioondolewa PD-1, ambayo ni breki ya seli T, hutoa interferoni-gamma kwa wingi na hufa upesi kuliko panya wa kawaida. Wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa za kuiziba PD-1 nao wameripotiwa kuibukiwa na kifua kikuu. Tena yale mashimo ya mapafu, ambayo ndiyo yanayomwezesha bakteria kutoka kwa kikohozi na kumfikia mtu mwingine, huchimbwa na vimeng'enya vya mwili wenyewe katika ghasia za kujihami.

Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi ambao binafsi nauona kuwa wa maana kuliko mengi yaliyoandikwa katika miaka hiyo. Watafiti walilinganisha jeni za bakteria kutoka sehemu mbalimbali za dunia wakitarajia kukuta kwamba vipande vya protini vinavyotambuliwa na seli T vinabadilika sana, kama vinavyobadilika vya virusi vya mafua ili visitambulike. Wakakuta kinyume chake: vipande hivyo vimehifadhiwa kuliko sehemu nyingine zote walizozipima. Tafsiri iliyo wazi ni kwamba bakteria huyu hapotezi kitu anapotambuliwa, na huenda ananufaika, kwa sababu pasipo mwili kuitikia hakuna shimo, na pasipo shimo ni vigumu kumfikia mtu mwingine.

Ukilichukua hilo, swali lako la pili halina ugumu tena. Aliyepona kwa dawa amebaki na seli T tele zinazomtambua bakteria, lakini ni zilezile zilizomtambua tangu mwanzo na bado akaugua. Utafiti uliofanyika katika vitongoji vya Cape Town na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba waliokwisha kutibiwa wakapona waliugua tena kwa maambukizi mapya kwa kiwango cha mara nne hivi cha wale ambao hawakuwahi kuugua. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na mazingira wanamoishi na makovu ya mapafu, lakini kinga kama ya surua haimo kabisa.

Mdadisi

Nashukuru sana, Mwanakinga. Hata hivyo umenibakiza njia panda. Ikiwa bakteria anataka seli T zimtambue, je, chanjo zote zinazoziamsha seli T zimejengwa juu ya msingi mbovu? Nimesoma kwamba chanjo ya majaribio iitwayo M72 imewakinga nusu ya watu.

Mpimaji

Kabla Mwanakinga hajajibu, naomba kuweka pingamizi kidogo. Neno «anataka» linatupeleka mbali kuliko takwimu zinavyoruhusu. Kipande cha protini kinaweza kuhifadhiwa kwa sababu kina kazi ya lazima katika uhai wa bakteria, pasipo uhusiano wowote na seli T, na bakteria huyu kwa jumla ana tofauti ndogo sana za vinasaba kutoka ukoo mmoja hadi mwingine. Aidha, uchunguzi uliofuata mwaka 2015 ulipata protini chache ambazo vipande vyake hubadilika kweli, dalili kwamba zipo sehemu ambazo kutambuliwa humgharimu. Mtu anayetafuta chanjo angepaswa kuanzia kwenye hizo chache, badala ya kukata tamaa na seli T zote.

Mwanakinga

Pingamizi la Mpimaji ni la haki kwa nusu. Ule uchunguzi wa 2010 ulilinganisha vipande vinavyotambuliwa na jeni za lazima pia, na bado vipande hivyo vikawa vimehifadhiwa zaidi, kwa hiyo ulazima peke yake hautoshi kueleza. Kuna na jambo la wodini linaloelekea upande wangu: wagonjwa wenye UKIMWI uliokomaa, ambao seli zao za CD4 zimekwisha, huugua vibaya na kufa haraka, lakini mapafu yao hutoboka mashimo mara chache na makohozi yao huwa na bakteria wachache. Mwitikio uleule unaomlinda mtu asife ndio unaomsaidia bakteria kuenea. Kuhusu zile protini zinazobadilika, nakubaliana naye kabisa.

Sasa M72, Mdadisi. Ilijaribiwa Kenya, Afrika Kusini na Zambia kwa watu wazima wasio na virusi vya UKIMWI ambao tayari walikuwa wameambukizwa, na matokeo ya miaka mitatu yalitolewa mwaka 2019. Kati ya waliochanjwa waliugua 13, na kati ya waliopewa chanjo bandia waliugua 26, katika makundi ya watu wapatao 1,600 kila moja. Ufanisi wa takribani asilimia 50 umesimama juu ya wagonjwa 39 tu, kwa hiyo kipimo chake kina utata mpana, na ndiyo maana mwaka 2024 ulianza Afrika Kusini utafiti wa awamu ya tatu uliokusudia kuwafikia watu 20,000. Ilinganishe na chanjo nyingine ya majaribio, MVA85A: hiyo iliamsha seli T kama ilivyotarajiwa, lakini ilipopewa watoto wachanga wapatao 2,800 huko Afrika Kusini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 hayakuonyesha kinga yoyote ya kuaminika. Zote mbili ni chanjo za kuamsha seli T, lakini matokeo yake hayafanani, na hakuna aliyeweza kuyatabiri kwa kuhesabu interferoni-gamma.

Mimi ningewekeza macho yangu kwenye mambo mawili mengine. Kampala kuna watu walioishi nyumba moja na wagonjwa waliokuwa wakikohoa bakteria, wakafuatiliwa kwa miaka, na vipimo vyao vikabaki hasi daima. Mwaka 2019 ilionekana kwamba watu hao walikuwa wamekutana na bakteria bila shaka, kwani damu yao ilikuwa na kingamwili mahususi na seli T zinazomtambua, ila seli hizo ziliitikia kwa njia isiyotoa interferoni-gamma. Vipimo vyetu vya kawaida haviwezi kuwaona watu wa aina hii, nao pengine ndio wanaopaswa kuigwa. Jambo la pili ni BCG ileile ya zamani iliyodungwa kwenye mshipa wa damu badala ya ngozini: katika majaribio ya nyani aina ya rhesus yaliyochapishwa mwaka 2020, tisa kati ya kumi walikingika vizuri, na sita kati yao hawakuonekana kuwa na maambukizi yoyote. Haiwezekani kumpa kila mtu bakteria hai kwa njia ya mshipa, lakini nyani hao ni nafasi adimu ya kuchunguza kinga iliyokamilika inafananaje, hasa seli T zilizofika mapema na kukaa ndani ya mapafu yenyewe.

Mpimaji

Nitajibu swali la tatu, kwa kuwa nimeshinda miaka mingi mbele ya bakteria hawa. Ukipaka makohozi kwenye kioo, ukamwagia rangi nyekundu ya fuksini na kuipasha moto hadi ifuke mvuke, kisha ukaosha kwa asidi iliyochanganywa na alkoholi, kila kitu hung'oka rangi isipokuwa wao. Ukimalizia na rangi ya buluu, unawaona chini ya hadubini kama vijiti vyembamba vyekundu, vimejipinda kidogo, vimelala katika uwanja wa buluu. Kinachoishikilia rangi ni ukuta wa nta na asidi za mikoliki, na ukuta huohuo ndio unaozifungia nje dawa nyingi zinazoua bakteria wengine. Ukiwapanda kwenye chakula cha kijani kilichotengenezwa kwa mayai, utasubiri wiki tatu hadi nane ndipo uone makundi makavu yenye mikunjo na rangi ya malai, kwa sababu bakteria huyu hujigawa mara moja tu katika saa 18 hadi 24, ilhali wale wa kawaida wa tumboni wanaweza kujigawa kila baada ya dakika 20.

Polepole hiyo ni sehemu tu ya jibu. Ndani ya mgonjwa mmoja bakteria hawaishi maisha ya aina moja. Wapo walio kwenye ukuta wa shimo, penye hewa tele, wanaozaliana kwa kasi yao yote, na hawa dawa ya isoniazidi huwaua wengi sana katika siku mbili za mwanzo. Wapo walio ndani ya seli au penye asidi, ambao hushambuliwa na pirazinamidi. Wapo pia waliozama katikati ya granuloma, yaani kifundo cha seli za kinga zilizowazingira bakteria, ndani ya uozo mzito kama jibini usio na mishipa ya damu, ambako oksijeni ni haba. Hao hula mafuta na kolesteroli ya mwili, hupunguza shughuli zao karibu kuzima, na dawa nyingi zinazolenga ujenzi wa ukuta haziwapati kwa kuwa hakuna ukuta unaojengwa. Bakteria hawa si sugu kwa maana ya kinasaba. Ukiwatoa na kuwalisha, watoto wao watauawa na dawa ileile.

Usugu wa kweli ni habari nyingine. Bakteria huyu haupati kwa kupokea vinasaba kutoka kwa wenzake, bali hutokana na mabadiliko yanayozuka kwa bahati katika jeni zake: takribani bakteria mmoja kwa milioni kwa isoniazidi, na mmoja kwa milioni mia moja kwa rifampisini. Shimo moja la pafu linaweza kubeba bakteria milioni mia moja, hivyo kutoa dawa moja peke yake ni kuwachagua waliokwisha kuwa sugu. Hilo lilionekana wazi katika majaribio ya streptomaisini ya miaka ya 1940, pale wagonjwa walipopata nafuu kwa miezi michache kisha wakarudi kuzidiwa.

Na miezi sita yenyewe haikuwa mirefu wakati ilipopatikana. Kabla yake tiba ilichukua miezi 18. Ilikuwa ni majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki na Zambia kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaliyoanza kuripotiwa mwaka 1972, yaliyoonyesha kwamba ukiongeza rifampisini au pirazinamidi kwenye mseto, miezi sita inatosha, huku mseto usio na dawa hizo ukirudisha ugonjwa kwa zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watano. Nashangaa jambo hili halifundishwi hata katika vyuo vya huku kwetu.

Mfamasia

Niongezee kuhusu dawa mpya. Bedakuilini, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2012, hushambulia mtambo ambao bakteria hutumia kutengeneza nishati, na kwa sababu hata aliyelala anahitaji nishati kidogo ili asife, dawa hii humfikia pale ambapo nyingine hushindwa. Ikiunganishwa na pretomanidi na linezolidi, iliwaponya asilimia 90 ya wagonjwa 109 wa kifua kikuu sugu cha hali mbaya zaidi huko Afrika Kusini, kwa vidonge vya miezi sita, wakati zamani wagonjwa kama hao walidungwa sindano kwa miezi mingi na wengi wakafa au kupoteza uwezo wa kusikia. Gharama yake ilikuwa kubwa: asilimia 81 walipata ganzi na maumivu ya mishipa ya fahamu, hasa miguuni, kutokana na linezolidi ya miligramu 1,200 kwa siku. Utafiti uliofuata ulipunguza kipimo hadi miligramu 600. Uponyaji ukabaki palepale na ganzi ikashuka hadi asilimia 24. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mseto huo pamoja na moksifloksasini.

Kwa kifua kikuu cha kawaida, mseto wa miezi minne wenye rifapentini na moksifloksasini ulithibitika mwaka 2021 kuwa sawa na ule wa miezi sita. Lakini usisahau kilichotokea mwaka 2014, pale majaribio matatu makubwa ya tiba ya miezi minne yaliposhindwa. Katika moja lililojulikana sana, wagonjwa waliopewa moksifloksasini makohozi yao yalisafika mapema kuliko ya wenzao, na bado ugonjwa ulirudi kwa wengi zaidi. Makohozi huonyesha kinachoendelea kwenye shimo lililo wazi. Granuloma iliyofungwa haina njia ya kutoa habari.

Mdadisi

Nimeelewa mengi. La mwisho: kama tiba ya miezi minne ilishindwa mwaka 2014 kwa baadhi tu, si ina maana kwamba wengi wanaotibiwa kwa miezi sita hunywa dawa za miezi miwili ya ziada bila sababu?

Mfamasia

Ndiyo, na idadi yao si ndogo: takribani wanane kati ya kumi waliotibiwa kwa miezi minne walipona kabisa. Ugumu ni kuwatenga mapema na wale wawili. Picha za mapafu zinazoonyesha sehemu zenye shughuli hazijasaidia sana, kwani uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba wengi wa waliopona bado walikuwa na sehemu zinazowaka miezi kadhaa baada ya kumaliza dawa, na hawakuugua tena.

Ipo njia nyingine, ambayo ni kutibu kwanza na kuamua baadaye. Katika utafiti wa TRUNCATE-TB, uliotolewa mwaka 2023 na kuwahusisha wagonjwa wapatao 670 wa Asia na Uganda, tiba ilianza kwa wiki nane, ikarefushwa kwa waliobaki na dalili, na ugonjwa uliporudi mtu alitibiwa upya. Kundi lililopewa bedakuilini na linezolidi lilikuwa na matokeo mabaya kwa asilimia 5.8, dhidi ya asilimia 3.9 kwa waliotumia tiba ya kawaida, tofauti iliyokubalika kitakwimu, na kwa wastani walikunywa dawa kwa siku 85 badala ya 180. Kinachonitia wasiwasi ni kuitumia bedakuilini kwa kila mgonjwa. Mabadiliko katika jeni moja, Rv0678, yanatosha kufungulia pampu inayoitoa dawa hiyo nje ya seli, na bakteria wenye mabadiliko hayo wamekwisha kuonekana hata kwa watu ambao hawajawahi kuinywa.